Hapana Ulizojaza Kwenye Fomu ya Upasuaji

Tatu,

Salamu nimeziruka makusudi. Barua za watu huanza kwa kuulizana hali, na mimi hali yako sina haja ya kuiuliza, kwa sababu nimeisoma juzi kwenye fomu. Kurasa nne, Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, mwandiko wako. Ulinituma chaja kwenye begi lako. Chaja nikakuletea, fomu nikairudisha nilipoikuta, tukakaa kula. Wewe ukanihadithia habari za semina ya kazini, Nairobi, siku kumi, chakula na malazi juu ya ofisi. Nikakuuliza kama huko kuna baridi. Ukaniambia ipo kidogo.

Nina hasira na wewe, na usitafute mstari ambao nitakuambia imeisha. Saa hizi ni mchana, umekwenda kuchukua nguo kwa fundi Ubungo, baba yako yuko dukani, na mimi nimekaa hapa jikoni uani naandika. Nikisubiri urudi tuzungumze kwa mdomo nitapiga kelele, na hapa Mbagala ukuta wetu na wa jirani ni mmoja. Kesho asubuhi unapanda ndege, unakwenda India kukatwa tumbo. Ukirudi hurudi hapa, unafikia kwenye chumba ulichopanga Madale. Mimi wiki nzima nimekuwa nakutafutia vyombo vya kuanzia maisha, nakufungia vikombe kwenye magazeti, kumbe unahama ili nisiione sahani yako ikibaki na chakula.

Sitakuandikia ule nini na unywe nini. Hayo utapewa kwenye makaratasi na wenye taaluma yao. Nataka kukuandikia ambayo yule dada wako wa mtandaoni hakukuambia, yule wakala wa matibabu anayekutumia sauti usiku na mchana. Nilimsikia siku ile ulipoacha mlango wazi. "Usiogope mpenzi, unalala bonge unaamka mrembo, wiki moja tu uko fiti kazini." Mwanamke mzima anamwambia mtoto wa mwenzake maneno hayo, na hajawahi kumuona hata uso. Ukianza kutapika Madale peke yako, mpigie simu uone kama atapokea.

Kuna jambo hulijui. Mimi nimekatwa. Upasuaji ule ule ulioandikwa kwenye fomu yako, wanafanya mfuko wa chakula unakuwa mdogo kama yai la kuku, halafu wanauunganisha na utumbo kwa chini. Nilikatwa ulipokuwa kidato cha tano, uko bweni Songea. Ile likizo uliyorudi ukanikuta nimepungua, ukalia ukidhani nina maradhi mabaya, nikakuambia nimeacha wali na kila asubuhi nakunywa maji ya moto na ndimu. Ndimu ilikuwepo kweli. Nilikuwa naikamua mbele yako ili uione.

Kabla ya hapo unakumbuka nilivyokuwa. Sukari imekataa vidonge, imekataa sindano, magoti yamekufa, naswalia kwenye kiti miaka minne. Daktari wangu hapa hapa Dar hakunikimbiza. Alinizungusha miezi sita: vipimo vya moyo, vipimo vya damu, mtu wa lishe, mtu wa kuniuliza kwa nini nakula. Nikamwona ananichelewesha. Mwisho akasema nije na mume wangu tuzungumze watatu. Nikamjibu mume wangu yuko safari ya mbali. Baba yako alikuwa dukani anauza misumari. Nikampeleka mama mdogo wako Mwanaidi, akatia sahihi yeye. Baba yako nikamuaga nakwenda Kilwa kumuuguza shangazi, na ile Kilwa yangu ilikuwa chumba cha nyuma kwa Mwanaidi, Kimara, wiki mbili, nanyonya supu iliyochujwa kwa kijiko cha chai.

Utaniuliza kwa nini nilificha. Nimekuwa mpishi wa shughuli tangu hujazaliwa, na mwili wangu ulikuwa ndio tangazo langu. Watu wakiniona wanajua pilau ipo. Lakini hilo ni nusu tu ya sababu. Nusu ya pili ni kwamba nilitaka kupungua, na nilitaka pia kusifiwa kuwa nimejibana mwenyewe. Sikutaka mtu aseme kashindwa kufunga mdomo mpaka kaenda kukatwa. Nilizitaka sifa ambazo hazikuwa zangu, na nilizipata, na nilizila miaka minane.

Wiki ya nne baada ya upasuaji akanipigia mama Shaabani wa Temeke, anamwoza binti yake. Daktari alishasema vilaini tu, vilivyopondwa, mpaka anione tena. Nikaona kukataa kazi kutaleta maswali, nikaenda. Nimepika siku nzima bila kuonja, chumvi namuonjesha Mwamtumu, msaidizi wangu. Watu wakapakuliwa, wakala, likaja sinia letu wapishi. Unaijua ile desturi yetu: wapishi wanakula mwisho, uani, sinia moja, na wenye shughuli wanapita kutoa shukrani na kuwaona wakila. Tulikaa wanne. Mkono wangu ukawa unakwenda kwenye wali na kurudi mtupu, nikidhani hakuna anayeona.

"Mbona huli wewe?" mama Shaabani akaniuliza.

"Nimeshiba moshi," nikamwambia.

Akacheka, halafu akaacha kucheka. Akageukia wanawake waliokuwa wanaosha vyombo. "Jamani, mpishi kaogopa chakula chake mwenyewe. Sie tuliokwisha kula tujiandaeje?"

Watu mia tatu wameshakula, harusi, na neno limetoka kama hilo. Ilikuwa niseme nimefanyiwa upasuaji, au nile. Nikachukua pande la nyama ya ng'ombe, nikatafuna mbele ya macho yao, nikameza. Nikachukua la pili. Mama Shaabani akaridhika akaenda zake. Nyama ikakwama hapa chini ya kidari, mate yakawa yananijaa mdomoni nashindwa kuyameza, na Mwamtumu ananiambia nitabasamu maana wanapiga picha.

Nimelala nyumbani siku mbili nikitapika, baba yako akanipeleka zahanati. Wakamuuliza, "Mama amewahi kufanyiwa upasuaji wowote?"

Baba yako, masikini, akajibu, "Hajawahi. Huyu watoto wake wote kazaa kawaida."

Mimi nilikuwa nimelala pale pale, macho wazi, ulimi ninao. Nilimwangalia yule mhudumu akiandika hajawahi. Watu wale hawakukosea lolote, walitibu mtu waliyeambiwa. Wakanipa dawa ya vidonda vya tumbo, na kwa ajili ya maumivu wakanipa diklofenaki. Nilizimeza siku tano. Siku ya sita nikatapika damu kwenye karai la kufulia.

Hospitali kubwa daktari wa zamu akanifunua tumbo, akaona vikovu vitano vidogo, akamgeukia baba yako. "Mzee, mbona hukusema mkeo aliunganishwa utumbo? Zile dawa za maumivu kwake ni sumu, zinakula pale palipoungwa." Baba yako aliviangalia vile vikovu. Hakuwahi kuviona, tangu nirudi Kilwa nilikuwa nalala na dera. Akasema, "Daktari, mie mwenyewe ndio naambiwa sasa hivi."

Hakunigombeza. Alinilisha uji kwa mkono wake mpaka nikasimama, na mwaka mzima alinifanya nijute kwa neno moja tu, kila akiniamkia asubuhi ananiuliza shangazi wa Kilwa hajambo. Wewe tukakuambia mama alikuwa na vidonda vya tumbo.

Ungedhani nilijifunza. Walinipa vitamini, wakaniambia ni za maisha, siyo za mwezi wala mwaka, kwa sababu utumbo ulioungwa hivyo hauchukui tena kila kitu kutoka kwenye chakula. Nilizimeza mwaka mmoja. Nikajiona mzima, nguo zimenikaa, nikaona hivi vidonge ni vya wagonjwa na mtu akivikuta kwenye kabati atauliza. Nikaacha. Kliniki nayo nikaacha. Lile kovu kwenye mguu wangu wa kushoto, ambalo mmeambiwa sufuria lilinimwagikia, halikuwa la sufuria. Nilikuwa nimesimama kwenye mafiga, Mbagala hapa hapa, kaa la moto likaingia ndani ya ndala. Nikasikia harufu. Nikauliza, "Nani anachoma nyama saa hizi, si tumeshamaliza?" Mwamtumu ndiye aliyeinama akapiga kelele. Mimi sikusikia maumivu, mguu ulikuwa umekufa ganzi miezi na nilijiambia ni uzee. Damu ilipopimwa ile vitamini ya mishipa ya fahamu ilikuwa karibu imekwisha. Tangu hapo nachomwa sindano, na ganzi haijaondoka yote. Ndiyo maana natazama miguu yangu kila ninapovua viatu, na wewe umekuwa ukinicheka kuwa mama ana maringo na miguu yake.

Basi usije ukamwambia mtu kuwa mama yako anakukataza. Upasuaji sijautukana. Sukari yangu ilishuka, sindano ya sukari niliiacha, nasujudu chini kwenye mkeka. Kama daktari anayekujua amekupima na kusema unafaa, nitakubeba mgongoni nikupeleke. Ninachokitukana ni watu wanaouza jambo hili kana kwamba ni kusuka nywele. Nywele zenyewe zilinitoka mafungu mafungu mwezi wa nne, nikajifunga mtandio mkaniona nimeshika dini. Ngozi ya mikono ilibaki ikining'inia. Nikinywa soda nusu glasi moyo unakimbia, jasho linanitoka, nataka kuanguka. Mwaka wa tatu kilo kadhaa zilirudi, na zitarudi tu kama mtu anategemea kisu peke yake, kwa sababu tumbo wanalikata na hamu wanakuachia. Mimi bado nina hamu ya kashata mpaka leo, na nikikasirika kama hivi ninavyokukasirikia ndiyo inazidi.

Sasa tuje kwenye fomu yako.

Dawa unazotumia: hapana. Tatu, tangu kidato cha tatu kila mwezi unajikunja kwenye mkeka, na kila mwezi unameza diklofenaki siku nne, na siku hizi hata kichwa kikikuuma kidogo unafungua pochi. Dawa ile ile iliyonitapisha damu. Kama kuna nyingine inayokufaa watakutafutia, lakini watatafutaje kwa mtu aliyeandika hapana?

Damu kuganda katika familia: hapana. Bibi yako mzaa baba mguu ulivimba, siku ya tatu akashika kifua akafa, na wewe ulikuwa unamshikia maji. Sigara au shisha: hapana. Hilo nakuachia wewe na Jumamosi zako. Unatarajia ujauzito ndani ya mwaka mmoja na nusu: hapana. Idrisa anakuoa baada ya miezi mitatu, na mama yake ameshaanza kuulizia wajukuu kabla hata ya ndoa. Mwili ukipungua uzazi hufunguka upesi, na mtoto anayeingia kwenye mwili ambao bado unakonda yeye na mama yake wote wanapungukiwa. Mimi sikuwa na haja ya kuambiwa hilo, umri wangu ulishapita. Wewe unatakiwa uambiwe, na njia ya kuzuia mimba uizungumze na daktari maana vidonge navyo huenda visifanye kazi sawasawa kwenye tumbo hilo. Utazungumzaje kama umeandika hapana? Unaogopa Idrisa akijua atakuacha. Muulize kabla ya kukatwa, ujue unakatwa kwa ajili ya nani.

Na kuna ile ya ukurasa wa tatu. Je, huwa unakula kwa kujificha? Hapana.

Nimefua foronya zako miaka yote hii. Karatasi za biskuti ninazitoa mimi, nazitupa mimi, na sijawahi kukuambia neno. Najua zilianza lini. Ulirudi likizo ile ukaanza kunywa maji ya moto na ndimu pamoja na mimi. Mwezi mzima ulikunywa. Ukapungua kilo moja, zikarudi mbili, na mimi mama yako, mwenye vikovu vitano tumboni, nikakuambia mbele ya shangazi zako, "Mbona mie nimeweza? Tatizo lako wewe huna nidhamu." Uliondoka pale ukaenda chumbani, na shangazi zako wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Nimekuambia hivyo mara ngapi baada ya hapo? Kila Iddi nguo ilipokubana. Kila shughuli. Mama yake Idrisa alisema siku ya posa kuwa bibi harusi atafutiwe gari la mizigo, nikamkasirikia mpaka leo, lakini yule kasema mara moja. Mimi nimekusema miaka minane kwa uongo. Nilikushindanisha na mtu ambaye hayupo. Hukuwa unashindwa kitu, Tatu. Hakuna mtu katika nyumba hii aliyewahi kupungua kwa ndimu.



Kwa hiyo hasira yangu nimeigawa, na fungu kubwa nimelichukua mwenyewe. Lakini lako lipo. Kwa sababu uongo wangu uliurithi bila kuujua, ukaufanya vile vile, na safari ya uongo, na chumba cha kujifichia, na mchumba asiyejua. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa na Mwanaidi Kimara. Wewe utakuwa na nani Madale?

Hilo nalo nilitafuta kwenye fomu. Ukurasa wa nne, chini kabisa. Wameuliza jina la mtu wa nyumbani atakayekuhudumia ukirudi, na ambaye ameelezwa kuhusu upasuaji huu. Nilidhani nitakuta jina la rafiki yako wa kazini. Nikakuta jina langu, majina yote matatu, na namba yangu ya simu, na kwenye uhusiano umeandika Mama. Chini yake kuna mstari wa sahihi, umeuacha mtupu. Sijui ulikuwa unapanga kuighushi sahihi yangu uwanja wa ndege au ulikuwa unangoja ujasiri wa kuniambia. Ulikuwa na siku za kutosha za kuniambia. Uliniongopea huku ukila wali wangu, na kwenye karatasi ukaniandika mimi.

Baba yako mwambie wewe mwenyewe leo, kabla hatujakaa kula. Mwambie unakwenda Kilwa, ataelewa. Kesho tunatoka pamoja. Pasi yangu ya kusafiria haipo, kwa hiyo nitaishia uwanja wa ndege, lakini ukirudi unafikia hapa, kitanda chako hiki hiki, mpaka daktari aseme unaweza kukaa peke yako. Madale haitahama. Na huko wakiisoma fomu ya kweli wakakuambia bado, urudi ukajiandae miezi sita, rudi. Hakuna mtu hapa atakayekucheka, na akitokea nitamfunulia tumbo langu.

Fomu nimeichukua tena begini mwako, iko humu pamoja na barua. Pale chini kwenye jina langu nimetia sahihi. Zile hapana sikuzigusa. Humo ndani ya bahasha nimekuwekea kalamu.

Mama yako